Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Katika mwaka 2024 vijana 54,008 waliomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Waliokubaliwa walikuwa 1,937 tu. Katika vyuo vya namna hiyo, baina ya waliokubaliwa na waliokataliwa lipo kundi la tatu, nalo ndilo tunalolisemea leo: wale wanaoambiwa wangoje.

Chuo hakijui ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaokwenda kwingine. Kwa hiyo huweka akiba ya majina ya kuzibia mapengo. Kwa chuo hiyo ni hesabu njema. Kwa kijana ni mateso. Ifikapo Mei mosi vyuo vingi hutaka jibu na amana. Naye huilipa kwingine hali moyo wake ungali mlangoni. Akiitwa baadaye, mara nyingi amana ile hairudi. Mtoto wa tajiri haoni hasara. Mtoto wa mfanyakazi huiona. Tena viko vyuo ambavyo, vichaguapo katika orodha hiyo, hutazama uwezo wa mzazi kulipa.

Sisi twasema hiyo si haki. Chuo kinachomweka mtu mlangoni hakina budi kumwambia wazi: miaka iliyopita waliongoja wangapi, wakaingia wangapi. Wala fedha isiwe ufunguo.

Nanyi vijana, msiyafunge maisha yenu kwa barua moja. Elimu haikai katika jumba moja. Mlango uliofunguliwa ndio wenu: ingieni, mkasome kwa bidii.