Hoteli za Hurlingham zisiwatoze wenye wagonjwa bei ya wajumbe

Mgeni wa Hurlingham si mgeni wa Diani. Aendaye Diani hupanga safari yake mwenyewe. Akikuta bei ya Desemba imepanda, huweza kungoja hadi Mei, wakati wa masika, vyumba vikiwa vitupu na bei imeshuka. Hapo simlaumu mwenye hoteli. Chumba kilichokosa mtu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho, nayo mishahara na umeme hulipwa vivyo hivyo. Ndiyo maana bei hufuata wingi wa wateja, na siku hizi kazi hiyo wameachiwa kompyuta.

Ninalopinga ni kuileta kanuni hiyo kama ilivyo katika mtaa huu wetu. Hapa, kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, tuna Nairobi Hospital na Nairobi Women's, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali. Miongoni mwa wanaotafuta malazi hapa wamo watu waliomleta mama yao kutoka Kisii au Garissa kufanyiwa upasuaji. Tarehe hawakuichagua wao. Iliandikwa na daktari. Kongamano la Tabianchi Afrika lilipofanyika katika jumba la KICC tarehe 4 hadi 6 Septemba, 2023, maelfu ya wajumbe waliingia Nairobi. Mjumbe aghalabu hulipiwa na serikali au shirika lake. Je, aliyeuza ng'ombe ili agharimie matibabu ashindane naye kwa kitanda kimoja? Kompyuta haijui kuwatofautisha hao wawili. Meneja anajua.

Nitaambiwa kwamba hoteli si nyumba ya sadaka. Naam, na tuzungumze biashara basi. Kongamano huisha kwa siku tatu, wajumbe wakapanda ndege. Wagonjwa huja Aprili, huja Novemba, hawana msimu. Hoteli itakayotenga vyumba vitano au sita kwa bei moja mwaka mzima, ikabandika bei hiyo mapokezi, kwa yeyote aliye na barua ya hospitali, itakuwa na wateja hata wakati wa ukame. (Barua yenyewe ikaguliwe vizuri, maana wajanja hawakosekani.)

Tena kuna suala la bei mbili, ya mkazi kwa shilingi na ya mgeni wa nje kwa dola. Hiyo ya dola ilikusudiwa watalii. Anayetoka Juba au Mogadishu akimsindikiza mgonjwa si mtalii, na barua ile ile ya hospitali yafaa imtoshe naye.