MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mwendo wa Ndege na Safari ya Mtu

Mwezi huu twapenda kuungama kosa letu, ili wengine wasilirudie. Mtoto wa dada yetu, alipokuwa kwa bibi yake kisiwani Mafia, alianguka mwembeni akavunjika mguu. Tukapata habari kwamba ataletwa Dar es Salaam kwa ndege. Mama yake akatuuliza, "Kaka, atafika lini?" Nasi, kwa kuwa twajua ya kuwa ndege huipita njia ile kwa muda wa nusu saa hivi, tukamjibu, "Nusu saa tu, dada." Muda wa saa tatu ukapita. Mama alikuwa amekwisha kuanza kulia kilio cha matanga, ndipo mtoto alipofikishwa, yu hai, naye aomba uji.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulihesabu mwendo wa ndege, wala hatukuhesabu safari ya mtu.

Na tutazame mfano ulio wazi kuliko yote. Kaskazini ya Uskoti, katika visiwa vya Orkney, viko visiwa viwili vidogo, Westray na Papa Westray. Tangu mwaka 1967 ndege za Loganair huwavusha watu kati ya viwanja vyao, navyo vimeachana kwa kilomita 2.7 tu. Hiyo ndiyo safari fupi kuliko zote duniani miongoni mwa zile za ndege zenye ratiba. Ndege ndogo ya huko, iitwayo Islander, yaweza kwenda kilomita 240 kwa saa. Basi kwa hesabu ya darasani ingevuka kwa sekunde 40. Lakini ratiba yaandika dakika 2, na hata siku ilipovuka upesi kuliko siku zote ilitumia sekunde 53. Kwa nini? Kwa sababu ndege haianzi kwa mbio zake zote: hukimbia chini kwanza, hupanda, huelekea njia ya kutua, hupunguza mwendo, ndipo itue. Tena ukungu ukishuka, abiria hungoja, hata kama kisiwa cha pili ki karibu namna gani.

Je, njia ndefu? Huko hutawala upepo. Kutoka Santiago, nchini Chile, mpaka kisiwa cha Rapa Nui, ambacho wengine hukiita Kisiwa cha Pasaka, ni zaidi ya kilomita 3,700 juu ya bahari tupu. Umbali wa kwenda na wa kurudi ni mmoja, lakini muda si mmoja. Ikienda magharibi, ndege hushindana na upepo. Ikirudi, upepo huisukuma mgongoni.

Basi, ndugu, mtu akikuuliza mgonjwa wake atafika lini, usigawanye umbali kwa mwendo ukadhani umekwisha kumjibu. Ongeza njia ya kwenda kiwanjani, na kungojea, na upepo, na njia ya kutoka kiwanjani hata hospitalini. Nawe usipojua, sema, "Nikisikia ameondoka nitakuambia." Neno hilo halimpi mama furaha ya upesi, bali halimtii hofu ya bure.

Dada yetu ametusamehe. Lakini tangu siku ile, akituuliza saa, huuliza mara mbili.