Ufundi wa Nyumbani: Pistoni Haifi Bila Sababu

Safari hii, wasomaji wapenzi, twataka kuzungumza juu ya pikipiki za mipigo miwili, yaani zile zinazochoma petroli iliyochanganyika na mafuta ya kulainisha, zenye moshi wa buluu na sauti kali kama ya msumeno. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi zinazochukua abiria leo kati ya Baraka, Mboko na Fizi ni za mipigo minne. Lakini zile Yamaha DT 125 na AG 100 zilizoletwa na misheni, vituo vya afya na mashirika hazijaisha. Nyingine ziliuzwa, zikauzwa tena, na sasa zimo mikononi mwa walimu, wakulima na wachuuzi. Teritware ya Fizi ina kilometa za mraba zaidi ya 15,000, na wakati wa masika ziko njia nyingi ambazo gari halithubutu kuzipita. Huko chanjo hufika kwa pikipiki, na mgonjwa huteremshwa kwa pikipiki. Kwa hiyo chombo hicho kikifa njiani, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Twaijua pikipiki moja iliyobadilishwa pistoni tatu katika muda wa mwaka mmoja. Kila mara fundi aliifungua, akatoa pistoni iliyoungua, akatia nyingine mpya, akapokea fedha zake, na baada ya majuma machache injini ikashika tena. Mwenye pikipiki alilaumu pistoni kwamba ni za bandia. Kumbe ule mpira mfupi unaounganisha kabureta na silinda ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana, na injini ilikuwa ikivuta hewa ya ziada kila siku. Mpira huo bei yake ni ndogo kuliko pistoni moja. Basi shabaha ya maneno yetu ya leo ni hii: kabla ya kununua kitu, tafuteni kwanza sababu.

Yafaa kufahamu jinsi injini hii inavyofanya kazi, maana bila hivyo mtu hufungua skrubu kama kipofu. Katika injini ya mipigo minne mafuta ya kulainisha hukaa chini, katika tumbo la injini, yakizunguka humo kwa miezi. Katika ile ya mipigo miwili tumbo hilo halina mafuta ya kukaa, bali ni njia ya kupitia. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huvutwa tumboni. Ikishuka, huisukuma hewa hiyo ipande juu kwa matundu ya ubavuni mwa silinda, na moshi wa zamani utoke. Mafuta yaliyochanganywa na petroli hupita humo humo, yakalainisha pistoni, pete zake na beringi za krenki, kisha yanaungua. Kila tone hupita mara moja tu. Kwa hiyo ikipita dakika chache bila mafuta, chuma kinasuguana na chuma. Na tumbo likiwa na tundu, mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli chache, injini ikapata joto kupita kiasi.

Sasa pikipiki haitaki kuwaka. Anzeni na buji, ambayo ndugu zetu wa Kigoma huiita plagi, kwani hiyo ndiyo rahisi kuliko vyote. Ifungueni, mwiangalie rangi. Ikiwa ya hudhurungi kama tofali lililochomwa vema, injini inakula sawasawa. Ikiwa nyeusi na kulowa, petroli ni nyingi, au mafuta yamezidi, au hakuna cheche. Ikiwa nyeupe kama majivu, msiendelee na safari: injini inaungua kwa kukosa petroli au kwa kuvuta hewa mahali pasipo haki. Isafisheni, pimeni nafasi ya ncha zake (kwa kawaida ni kati ya milimeta 0.6 na 0.8, ila kitabu cha chombo ndicho hakimu), kisha ivalisheni kofia yake, ilazeni juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake, na mtu apige kiki. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu. Ikiwa nyekundu na dhaifu, jaribuni buji mpya kabla ya kushtaki koili.

Cheche ikiwapo, tazameni petroli. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa, nacho huzibwa na vumbi. Dalili yake ni kwamba pikipiki huenda kilometa kadhaa, hufa, nawe ukifungua kifuniko kutazama, huwaka tena kana kwamba imetubu. Baada ya hapo fungueni bakuli la kabureta. Maji yakiwamo, yataonekana chini kama shanga. Vile vitundu vidogo vya shaba, yaani jeti, vipulizeni kwa bomba la baiskeli. Msivichokoe kwa waya wa chuma hata siku moja, kwani shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Kwetu huku kando ya ziwa tuna dawa nzuri zaidi: uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Huo hupita bila kukwaruza.

Hapa tuwaombe akina baba jambo moja. Kazi hii isifanywe karibu na mbabula ya mama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hata ukafikia makaa yaliyo mbali. Wala petroli isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, msimlazimishe kutapika, maana petroli itaingia mapafuni; mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Tukirudi kwenye petroli yenyewe, wengi huinunua katika chupa kando ya barabara, na wauzaji wengine huitia mafuta ya taa ili faida iongezeke. Petroli ya namna hiyo huungua vibaya na kuipiga injini kwa ndani. Iangusheni tone moja juu ya karatasi nyeupe kabla ya kuichanganya: iliyo safi hukauka upesi bila kuacha alama, yenye mafuta ya taa huacha doa. Angalieni na kipimo pia. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72, si lita moja, na wengi waliochanganya mafuta kwa hesabu ya "chupa ni lita" wameharibu mambo bila kujua, ingawa tukikosea ni afadhali kuzidisha mafuta kidogo kuliko kuyapunguza.

Hesabu ni rahisi. Kipimo cha 1 kwa 50 maana yake ni mililita 20 za mafuta katika lita moja ya petroli. 1 kwa 25 ni mililita 40. Nunueni dukani mwa dawa bomba jipya la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, liwe la kazi hiyo tu. Kwa lita moja katika kipimo cha 1 kwa 50 ni bomba moja kamili. Kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ni bomba moja na nusu. Kwa chupa ya Primus ni mililita 14 na nusu. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya hesabu hii, na ni vema afundishwe kuifanya.

Je, mafuta gani? Mkaaji wa Baraka hushawishika kutumia mafuta ya injini za mashua, kwa kuwa wavuvi wanayo tele na injini zao nyingi nazo ni za mipigo miwili. Lakini injini ya mashua hupozwa na maji ya ziwa, na mafuta yake, yenye alama ya TC-W3, yalitengenezwa kwa joto dogo. Pikipiki zetu hupozwa na upepo tu, nazo huwa na joto kubwa zaidi. Tafuteni chupa yenye alama ya JASO FC au FD. Na mafuta mazito ya injini ya mipigo minne hayafai kabisa katika petroli: huacha masizi yanayogandisha pete na kuziba ekzosi.

Yamaha nyingi za aina hii zina tangi dogo la mafuta peke yake na pampu inayochanganya yenyewe, ufundi ulioanza katika miaka ya 1960 kwa jina la Autolube. Ni ufundi mzuri. Walakini tangi hilo likikauka mara moja, hewa huingia katika mrija, na hata mkilijaza tena pampu yaweza kusukuma hewa tupu. Ni lazima hewa hiyo itolewe kwanza. Wengine wamechoka na pampu, wakaiondoa, wakachanganya kwa mkono. Hatuwalaumu. Tatizo huja siku ya kumwazima jirani aliyezoea pikipiki ya mipigo minne: atatia petroli tupu, kwa moyo mwema kabisa, na kabla hajafika Lweba injini imekufa. Andikeni kwa rangi juu ya tangi: CHANGANYA MAFUTA.

Nchi yetu nayo ina ugumu wake. Ziwa Tanganyika li katika kimo cha meta 770 hivi juu ya bahari. Kule Minembwe ni zaidi ya 2,000. Juu hewa ni nyepesi, na injini iliyotengenezwa ziwani hulewa petroli, ikatoa moshi na kukosa nguvu. Fundi wa milimani hutia jeti ndogo zaidi, naye hufanya vema. Lakini pikipiki hiyo hiyo ikiteremshwa Baraka bila kurudishiwa jeti yake ya kwanza, itakosa petroli katika hewa nzito ya ziwani, na pistoni itatoboka. Tena, mnapoteremka kutoka Fizi mkiwa na injini iliyochanganyiwa mafuta tangini, msifunge gesi mwendo wote huku gia ikiishika injini. Gesi ikifungwa, petroli haiji, na mafuta yamo ndani ya petroli. Injini inazunguka kwa kasi ikiwa kavu. Fungueni gesi kidogo mara kwa mara, au shikeni klachi na kutumia breki kwa busara.

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli ni safi, lakini bado nguvu hakuna, oneni sponji ya kusafisha hewa. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipakwe mafuta kidogo, irudishwe. Kuiondoa ili "injini ipumue" ni kuialika changarawe ya barabara ndani ya silinda. Oneni na ekzosi, ambayo huziba kwa masizi. Halafu zibeni tundu la buji kwa kidole gumba na kupiga kiki: hewa isipokisukuma kidole kwa nguvu, mbano umekwisha. Tieni kijiko kidogo cha mafuta katika tundu hilo, mpige tena. Mbano ukirudi, pete zimelika.

Iko dalili nyingine ambayo hudanganya hata mafundi. Injini yapaa kwa kelele peke yake hata gesi ikifungwa: hewa inaingia kwa mpira wa kabureta, au kwa sili ya krenki upande wa magneti. Izimeni mara moja. Lakini ikiwa moshi mweupe ni mwingi na mafuta ya gia yanapungua bila kuvuja chini, sili ya upande wa klachi imechoka, na injini inayanywa mafuta ya gia. Ya kwanza yaweza kuua pistoni katika safari moja.

Ikiwa imekwisha kushika, fungueni kichwa na silinda ikiwa imepoa, na someni pistoni ile iliyokufa kabla ya kuitupa. Mikwaruzo upande wa ekzosi yaonyesha joto na ukosefu wa petroli au mafuta. Mikwaruzo kuzunguka pande zote huonekana kwa injini iliyokimbizwa ikiwa bado baridi, au kwa silinda iliyochongwa nyembamba mno. Tundu katikati ya paji ni alama ya hewa ya ziada, petroli mbaya, au cheche inayokuja kabla ya wakati. Kuchonga silinda si kazi ya nyumbani. Ipelekeni kwa mwenye mashine ya kuchongea, pamoja na pistoni mpya, ili aichonge kwa kipimo cha pistoni hiyo na si kwa kukisia. Beringi za krenki vilevile mwachieni yeye.

Kurudisha pistoni mwaweza wenyewe. Zibeni kwanza mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa safi, kwani kile kipini kidogo cha kuzuia pini kikidondoka humo, mtaifungua injini yote. Kipini chenyewe kiwe kipya. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Ncha za kila pete zikutane juu ya msumari mdogo ulio katika mfereji wake; zikikaa mahali pengine, pete itanasa katika matundu ya silinda na kuvunjika siku hiyo hiyo. Gasketi ziwe mpya, na nati za kichwa zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho.

Kisha iwasheni, iache ipate joto taratibu, izimeni ipoe, mkaze nati tena. Kwa kilometa mia chache za kwanza msifungue gesi zaidi ya nusu, wala msishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Barabara tambarare ya kwenda Mboko yafaa sana kwa zoezi hilo. Mlima wa Fizi, pamoja na gunia la mihogo nyuma, usubiri.