Mwigo wa Urubani na Masomo ya Kuigiza

Wako vijana, na miongoni mwao wamo wanachuo wa hapa Kondoa, wanaojiburudisha kwa michezo ya kompyuta ya kuigiza urubani. Michezo hiyo si migeni; Microsoft walianza kuuza wa kwao mwaka 1982. Mwenye kuipenda aweza kukueleza kazi ya kila kipimo kilicho mbele ya rubani, na huenda hajapata hata kupanda ndege. Wapo wanaomcheka. Sisi hatumcheki, kwani ujuzi huo ni wa kweli. Ila twataka kujua unakoma wapi, maana jambo hili latuhusu sana sisi walimu.

Mashine ya namna hii iliyoenea kwanza ilibuniwa na Edwin Link, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa mtengenezaji wa vinanda. Mwaka 1929 alikuwa na sanduku lenye umbo la ndege, lililoinuliwa na kuinamishwa kwa mivukuto ya kinanda. Wengi waliliona kuwa pembea ya watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani, baada ya kupoteza marubani waliokuwa wakipeleka barua katika hali mbaya ya hewa, lilinunua sita. Ndani ya wingu mwili humdanganya mtu: hudhani ameketi wima ilhali ndege imelala ubavu. Sanduku la Link lilimzoeza kuviamini vipimo. Leo mashine za aina hii, zilizoko hata Addis Ababa katika chuo cha Ethiopian Airlines, zimeendelea kiasi kwamba rubani mzoefu aweza kujifunzia humo aina mpya ya ndege, na safari yake ya kwanza kuirusha ikawa yenye abiria, chini ya uangalizi wa rubani mkufunzi.

Basi kuigiza si kosa. Tofauti ya mashine hiyo na mchezo wa nyumbani si bei tu. Nyuma ya rubani ameketi mkufunzi: huzima injini moja ghafula, huleta ukungu, huamuru zoezi lirudiwe. Achezaye peke yake hukutana na yale aliyoyachagua. Saa zake, hata zikifika elfu, hazihesabiwi katika zile 40 ambazo kwa kawaida hudaiwa kwa leseni ya kwanza. Tena walimu wa urubani hulalamika kwamba mwanafunzi wa namna hiyo huvikodolea macho vipimo, akasahau kutazama nje.

Ndugu wanachuo, yatazameni sasa masomo mnayofundishana wenyewe kwa wenyewe. "Mtoto" ni mwenzenu wa miaka 20, ajibuye sawasawa kwa Kiswahili safi. Hakuna aliyekuja bila kula. Mfundishaji hulikodolea macho andalio la somo. Kisha hupelekwa darasa la kwanza, Kondoa au Chemba, kwa watoto wasemao Kirangi au Kisandawe nyumbani, na katika dakika ya tano andalio limekwisha kazi.

Wengine hudai masomo hayo yafutwe. Hatukubali, mtoto halisi hastahili kuwa wa kwanza kulipia makosa yetu. Tunalotaka ni kuingiza matatizo humo. Mmoja ajibu kwa Kirangi. Mwingine akatae kata kata kujibu. Wa tatu aseme 17 kutoa 9 ni 12, na alitetee jibu lake: kwenye 9 ametoa 7, akabaki na 2. Mkufunzi naye asikae nyuma akijaza fomu ya alama kimya; asimamishe somo, na lirudiwe tangu pale lilipoharibika.