Msimpe Cheti, Mpeni Mwenzake

Neno "wito" limekuwa njia rahisi ya kukwepa kulipa. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa huwashwa, viapo husomwa, na viongozi hutukumbusha kwamba uuguzi ni wito. Neno zuri. Ila nimeona linavyotumika, na nimelichoka.

Namzungumzia muuguzi wa shule moja ya msingi ya bweni hapa Tanzania, yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu. Watoto humwita Sista, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilikaa pale wiki sita nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili kuhusu ufundishaji wa kusoma. Nilichojifunza kwanza ni kwamba mtoto hasomi kama kibofu chake kimejaa na hakuna wa kumsaidia.

Kitengo kina watoto wanne waliozaliwa na mgongo wazi. Kwa wengi wenye hali hiyo, mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu haifanyi kazi sawasawa. Mkojo usipotolewa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, huleta maambukizi, na baada ya muda huharibu figo. Kwa hiyo Sista yupo saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na tena kabla ya kulala. Katikati ya saa hizo huwageuza watoto wenye mtindio wa ubongo wasipate vidonda, huwapaka losheni wenye ualbino kabla ya mstarini, na hugawa dawa za kifafa kwa wakati. Mtoto akianguka, humlaza ubavu, humwekea kanga chini ya kichwa, na kutazama saa: zikipita dakika tano, ni hospitali. Na humrudisha kila anayekuja mbio na kijiko.

Wiki ya nne Sista aliugua malaria. Siku tatu hakuonekana. Matroni ni mtu mwema, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kutumia mpira ule. Siku ya tatu mtoto wa darasa la pili alipelekwa hospitali kwa bodaboda, homa imempanda, mkojo umeoza ndani. Wito wa mtu mmoja uliishia pale mwili wake ulipochoka. Wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku chache baadaye yalifanyika mahafali ya darasa la saba. Mahema, muziki, soda, maji ya chupa meza kuu. Sista akaitwa mbele, akapewa kitenge na cheti chenye fremu. Mgeni rasmi akasema malipo yake yako kwa Mungu. Tukapiga makofi. Jioni nilimpongeza, naye akanijibu, "Cheti kizuri, mwanangu. Ila glavu zinaisha Ijumaa."

Kwenye ikama ya shule ile, nafasi ya muuguzi haipo. Sista ni mtumishi wa zahanati, ameazimwa tu. Akihamishwa kesho, anaondoka na maarifa yote. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Haki ya mtoto inayotegemea afya ya mama mmoja haijawa haki bado. Ni bahati.

Mwaka 1902, jijini New York, muuguzi Lina Rogers aliwekwa kwa majaribio katika shule nne, ambako watoto wagonjwa walikuwa wakirudishwa nyumbani bila matibabu. Watoto walianza kubaki darasani. Jiji likajibu kwa kuajiri wauguzi wengine. Ndivyo kazi nzuri inavyoheshimiwa.

Najua nitaambiwa nchi ni maskini. Lakini pesa za mahema zilipatikana. Kumfundisha matroni na walimu wawili kutumia mpira ni kazi ya siku chache, na Sista mwenyewe anaweza kuifanya: tayari amemfundisha msichana wa miaka kumi na mmoja kujihudumia kwa kioo kidogo, na siku hizi binti huyo hakosi kipindi. Mipira na glavu ziingie kwenye bajeti ya shule, tena glavu zisizo za mpira wa asili, kwa kuwa watoto wengi wenye mgongo wazi hupata mzio nao. Nafasi ya muuguzi iandikwe kwenye ikama. Sista apate likizo, aende kwao alale.

Atakayepanda jukwaani kumsifu aulizwe kwanza swali moja, mbele ya wazazi: Sista akiugua tena, saa nne asubuhi nani atamhudumia yule mtoto wa darasa la pili? Akikosa jina la kutaja, ashuke.