Kitabu Tulikifungia, Sheria Tukaiacha

Mwaka 1971 nchi yetu ilipata vitu viwili ambavyo sijaona mtu akiviweka meza moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na Euphrase Kezilahabi akatoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni, eti kitawaharibu mabinti. Sheria, yenye kifungu kinachomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na wa miaka 14 mahakama ikikubali, haikumkosesha mtu usingizi. Mvulana yeye alitakiwa afikishe 18.

Waliosoma Rosa Mistika wanamkumbuka Zakaria, yule baba mlevi wa Ukerewe anayemlinda binti yake kwa fimbo. Barua moja tu ya mvulana, kipigo. Kezilahabi anatuonyesha kuwa ulinzi wa namna hiyo ndio unaomwingiza Rosa ukubwani akiwa hajui kujiongoza, na mwisho wake tunaujua. Neno ninalotaka kugombana nalo leo ndilo hilo: ulinzi.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kampeni yake ni kumbakiza msichana darasani, na aliona mlango anaotolewa nao: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa. Alidai vinambagua msichana na kupingana na Katiba. Julai mwaka huo akashinda, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa. Kesi ikiwa bado kwenye rufaa, mwaka 2018, Umoja wa Mataifa ukampa Tuzo ya Haki za Binadamu, nasi tukampigia makofi. Kwa makofi hatujambo. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema yale yale: umri uwe 18 kwa wote, ndani ya mwaka mmoja.

Ninaandika zaidi ya miaka mitano baadaye. Tumeambiwa maoni ya wadau yanakusanywa. Jamani, mahakama ya juu kabisa nchini ikishatoa hukumu, maoni gani tena?

Hebu tutazame utetezi uliotolewa, maana hata mitaani ndio huo huo. Kwanza, eti wasichana hupevuka mapema kuliko wavulana. Mkulima yeyote anajua kuwa muhindi kutoa mbelewele si kukomaa. Ukivuna siku hiyo watu watakuuliza kama una akili timamu.

Pili, eti ndoa inamlinda binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Inamlinda na nani? Kanuni ya Adhabu inasema kulala na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama amekubali, isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo na awe na miaka 15 au zaidi. Soma tena taratibu. Binti yule yule, umri ule ule, kitendo kile kile. Kinachogeuza jinai kuwa harusi ni mahari. Anayelindwa hapo si binti.

Tatu, mila na dini. Siwadharau wazee wangu. Hata Sheria ya Ndoa yenyewe siidharau: kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, iliziweka ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali chini ya sheria moja, ikataka ridhaa ya wanaooana. Lakini mila zetu zimebadilika mara ngapi pale zilipotugharimu fedha? Ni kwenye mwili wa msichana tu ndipo mila inakuwa jiwe.

Kuna watakaonikumbusha kuwa Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anafungwa miaka 30. Kweli. Ila neno lililoandikwa ni mwanafunzi. Sheria hiyo inalinda sare. Siku binti anapoivua, anabaki mikononi mwa Sheria ya Ndoa. Na sare inavuliwa kwa njia nyingi: mimba, ambayo hadi Novemba 2021 ilimaanisha kufukuzwa shule za serikali huku Bara, umaskini, au mtihani.

Mtihani ninaujua. Darasa la saba niliketi dawati moja na msichana ambaye simtaji jina kwa sababu ana watoto wakubwa sasa. Mimi ndiye niliyekuwa nanakili hesabu kwake. Wiki ya mtihani aliniambia ameagizwa nyumbani ajaze majibu ya uongo, kwa kuwa kuna watu wameshakuja kuzungumza na baba yake. Nilicheka, nikidhani ananitania. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, jina langu lilikuwepo, lake halikuwepo. Nilipokuwa nafunga sanduku kwenda kidato cha kwanza, kwao ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa. Alikuwa na miaka 15.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo kama uovu wa mzazi mmoja. Nilikosea. Aliyemwoa hakuvunja Sheria ya Ndoa. Binti alikuwa ametimiza umri ulioandikwa, baba ametoa ridhaa kama kifungu cha 17 kinavyotaka, na shuleni hakuwa mwanafunzi wa mtu. Kila karatasi ilikuwa sawa.

Tofauti yangu na yake haikuwa akili. Ilikuwa baba. Wangu alisema nisome, wake alisema aolewe, na sheria ikawapa wote wawili uzito ule ule. Haki inayotegemea umezaliwa na nani si haki, ni bahati nasibu. Hilo ndilo Gyumi alilokwenda kulikataa mahakamani. Hakuomba serikali iwe baba mwema zaidi. Alidai binti asihitaji bahati ya kuwa na baba mwema ili amalize shule.

Wapo wanaomwita mwanaharakati wa mjini, mtu wa fedha za wafadhili. Sawa, tuseme hivyo. Je, Utafiti wa Afya wa 2015/16, uliokuta wanawake 31 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18, nao ulihesabu watu wa mjini? Na majaji wetu wa rufani nao ni watu wa wafadhili?

Rosa Mistika tumeshaisamehe. Leo inasomwa na kuhakikiwa vyuoni, na hakuna aliyeharibika. Mabinti waliohitaji kulindwa na kitabu walikuwa wa kufikirika. Wanaohitaji kulindwa na sheria wana majina, na baadhi yao wiki ya mtihani ujao wataagizwa wajaze majibu ya uongo. Mbunge wako anajua hilo. Akija kuomba kura, usimuulize habari ya barabara peke yake. Muulize binti wa miaka 15 ana thamani ya ng'ombe wangapi, na umkazie macho mpaka ajibu.