Glavu za bei nafuu, fidia ya mamilioni

Kila mara gazeti linapoandika kwamba mahakama imeagiza shirika la umma limlipe mfanyakazi aliyepigwa kalamu mamilioni ya pesa, malalamiko huwa ni yale yale katika matatu na hotelini. "Pesa zote hizo za nini? Hizo si pesa zetu?" Naam, ni pesa zetu. Mlipa ushuru ndiye anayebeba mzigo huo, na kila shilingi inayolipwa fidia ni shilingi ambayo haikununua dawa wala kukarabati barabara.

Mimi si wakili wala mhasibu. Ni daktari wa kawaida mwenye kliniki mjini. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba nyingi ya fidia hizi hupita mbele ya meza yangu kabla hazijafika kortini. Huja zikiwa bado changa: kidole kilichochomwa na sindano, mgongo uliotenguka kwa kubeba mizigo, au presha iliyopanda usiku ule ule mtu alipopokea barua ya kufutwa kazi. Wakati huo zingali zinatibika kwa gharama ndogo. Zikipuuzwa, huishia kwa jaji.

Nitatoa mfano mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu dereva wa ofisi moja ya umma. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari na kidonda mguuni. Nilimwandikia cheti cha kupumzika kwa majuma matatu, na mkewe akakipeleka kazini. Sijui cheti hicho kilipotelea kwenye faili gani. Aliporudi alikuta barua inayomngoja mlangoni: amefutwa kwa utoro. Hakuna aliyemwita kumsikiliza. Hakuna aliyenipigia simu kuuliza kama kweli alikuwa mgonjwa.

Kesi ilichukua miaka. Hatimaye alishinda na kulipwa. Lakini kwa kuwa alikosa mshahara, alikosa pia bima na dawa, na mguu ule ukakatwa chini ya goti. Alipokuja kunionyesha barua ya malipo alisema, "Daktari, wangenirudishia mguu wangu na kazi yangu, pesa hizi wangekaa nazo."

Hebu tupige hesabu ya hasara hiyo. Ofisi ilipoteza dereva mwenye ujuzi, ikalipa fidia, ikalipa riba, ikawalipa mawakili. Hospitali ya umma ikafanya upasuaji ambao haukupasa kuwapo. Familia ikapoteza mtafutaji. Na yule aliyetia sahihi barua ile? Alihamishiwa ofisi nyingine. Hakulipa hata ndururu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, maadamu awe na cheti cha daktari. Mashirika mengi hutoa zaidi ya hapo. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kutaka kumwachisha kazi, na amsikilize akiwa pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kifungu hicho hakihusu utovu wa nidhamu peke yake. Kinataja pia kushindwa kazi kwa sababu ya hali ya mwili.

Kikao hicho hugharimu nini? Chumba kimoja, viti vinne na saa moja. Kikikosekana, kifungu cha 49 kinairuhusu mahakama kuagiza fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Tuchukue mfanyakazi anayepata shilingi 40,000 kwa mwezi: hizo ni shilingi 480,000. Wakiwa wafanyakazi 40 walioachishwa siku moja bila kusikilizwa, ni zaidi ya shilingi milioni 19, kabla ya kuhesabu riba na gharama za kesi. Ikithibitika kwamba mtu alibaguliwa kwa sababu ya ulemavu, ujauzito au virusi vya Ukimwi, mambo ambayo sheria imeyakataza waziwazi, mahakama inaweza kuongeza fidia ya ubaguzi juu ya hiyo.

Upande wa majeraha kazini ni vivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa kuzingatia mapato ya miezi 96. Kwa mfanyakazi yule yule wa shilingi 40,000, mtu aliyelemaa kabisa anaweza kustahili kiasi cha shilingi 3,840,000. Ni pesa nyingi, lakini hakuna mgonjwa wangu hata mmoja ambaye angekubali kuuza macho yake kwa bei hiyo.

Sasa linganisha na gharama ya kuzuia. Nimewatibu wafagiaji na wasafishaji wa wodi waliochomwa na sindano zilizotupwa ovyo ndani ya mifuko ya taka, huku mikono yao ikiwa mitupu. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko virusi vya Ukimwi kwa njia hiyo, nayo ina chanjo. Dozi tatu tu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu katika mwezi wa sita, humkinga mtu kwa miaka mingi. Kwa upande wa virusi vya Ukimwi, aliyechomwa akianza dawa za kinga ndani ya saa 72, na ni bora zaidi akianza mara moja, na kuzimeza kwa siku 28, hatari hupungua sana. Lakini wengi huja kwangu siku ya tano au ya sita, kwa sababu msimamizi aliwaambia waoshe kidole na warudi kazini.

Wako wanaosema dawa ya tatizo hili ni kupunguza viwango vya fidia. Siwadharau. Ni kweli kwamba wapo wadanganyifu, na sisi madaktari tuna lawama yetu. Fomu ya kuripoti ajali ina sehemu inayojazwa na daktari, na ndiye anayekadiria kiwango cha ulemavu kwa asilimia. Wako wenzangu wanaoandika asilimia kubwa kumridhisha mgonjwa au wakili wake, na wako wanaoandika ndogo kumridhisha mwajiri, wote bila hata kumvua mtu shati. Huo ni wizi kwa kalamu, na bodi yetu inapaswa kuutazama hivyo.

Lakini kupunguza fidia hakutamfanya afisa awe mwangalifu. Kutamfanya azidi kuwa mzembe, kwa kuwa kosa lake litakuwa rahisi zaidi. Isitoshe, kinachotunenepeshea madeni haya mara nyingi ni kuchelewa. Sheria ile ya majeraha yenyewe ilivutwa huku na huku kortini tangu Mahakama Kuu ilipofuta baadhi ya vifungu vyake mwaka 2009, hadi Mahakama ya Juu ilipovithibitisha Desemba 2019. Na kwa kuwa mali ya serikali haipigwi mnada kulipia hukumu, mfanyakazi aliyeshinda bado huanza safari nyingine ndefu ya kudai pesa zake, nayo riba ikipanda.

Ningependekeza mambo manne. Kwanza, barua yoyote ya kumwachisha kazi mtu aliyekuwa mgonjwa isitiwe sahihi kabla ofisi haijawasiliana na daktari aliyetoa cheti. Siwezi kutaja ugonjwa wa mtu bila idhini yake, lakini naweza kuthibitisha kwamba cheti ni changu na tarehe ni za kweli. Simu hiyo ya dakika mbili ingemwokoa dereva wangu.

Pili, kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Kamati hizo zikutane kweli, na bajeti ya glavu, viatu na chanjo isiwe ya kwanza kukatwa pesa zinapopungua.

Tatu, ofisi ikijua imekosea, ielewane na mfanyakazi mapema. Hakuna heshima katika kupigana kwa miaka saba kwa pesa za umma ili kutetea kosa la siku moja.

Nne, aliyesababisha hasara aulizwe. Katiba, katika kifungu cha 226, inasema afisa anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atawajibika kuirudisha hasara hiyo, hata kama ameondoka ofisini. Mawakili watabishana iwapo barua ya kumfuta mtu bila kumsikiliza yaingia hapo. Kama haiingii, basi Bunge liiingize. Siku afisa mmoja atakapokatwa mshahara kwa kosa la aina hii, wengine wataanza kusoma kifungu cha 41.

Nawe msomaji uliyeajiriwa, iwe ni katika kaunti, wizara au shirika, usingoje wakili akufundishe. Ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo kwa maandishi. Mwajiri wako ana siku 7 kuifikisha ripoti hiyo kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Ukipewa cheti cha kupumzika, weka nakala nyumbani, na anayekipokea ofisini atie sahihi. Ukichomwa na sindano, usirudi kazini kwanza. Njoo hospitalini siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba katika ofisi za umma, anayeacha ufa si yeye anayeujenga ukuta. Ni wewe na mimi.